Ubongo unaooteshwa maabara: una faida gani?

Katika kazi yetu ya uuguzi tunawapokea wazazi wenye mtoto aliyezaliwa na kichwa kidogo kuliko kawaida, au mtoto anayeanguka kifafa. Swali lao huwa moja: "Ameupata wapi ugonjwa huu?" Majirani wengine husema ni laana, wengine humlaumu mama. Nasi mara nyingi tunakosa jibu kamili. Ubongo wa mtoto huanza kujengwa katika wiki ya tatu baada ya mimba kutungwa, pengine mama mwenyewe hajajua kuwa ni mjamzito. Hakuna awezaye kuchungulia na kuona kazi hiyo ikiendelea. Panya wa maabara nao hawatoshi, kwa maana ubongo wa mwanadamu hukua kwa namna yake. Mwezi huu tueleze njia mpya ambayo wataalamu wanaitumia.

Oganoidi ni nini?

Mwili wetu umejengwa kwa chembe hai, yaani seli. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha kuwa seli ya kawaida ya panya inaweza kurudishwa katika hali ya uchanga. Mwaka 2007 akafanya hivyo kwa seli za ngozi ya mtu, na mwaka 2012 akapewa Tuzo ya Nobel. Seli changa namna hiyo ikilelewa vema inaweza kuwa seli ya moyo, ya ini au ya ubongo.

Mwaka 2013, mjini Vienna, Austria, Madeline Lancaster na Jürgen Knoblich pamoja na wenzao waliziweka seli changa ndani ya matone ya ute mzito, wakazilisha katika maji yenye virutubisho. Seli zilijipanga zenyewe tabaka kwa tabaka, zikawa vipande vinavyofanana na ubongo wa mtoto aliye katika miezi ya kwanza ya mimba. Kila kimoja kilifikia kama milimita 4, sawa na punje ya choroko. Vipande hivyo huitwa oganoidi za ubongo.

Wataalamu hao walichukua pia seli za ngozi za mgonjwa aliyezaliwa na kichwa kidogo kutokana na kasoro ya urithi. Oganoidi zake zilikuwa ndogo. Sababu ikaonekana: seli zake changa ziliwahi kugeuka kuwa seli za neva kabla hazijaongezeka vya kutosha. Ni kama familia iliyokula mahindi ya mbegu. Siku ya kupanda ghala ni tupu.

Msaada wake wakati wa Zika

Virusi vya Zika viligunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, Uganda. Kwa miaka mingi vilihesabiwa kuwa vinaleta homa nyepesi tu. Lakini mwaka 2015 watoto wengi wa Brazili walizaliwa na vichwa vidogo, na tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura. Je, kosa ni la Zika au la kitu kingine? Mwaka huohuo Patricia Garcez na wenzake wa Rio de Janeiro waliviingiza virusi hivyo katika oganoidi. Baada ya siku 11, zilizoambukizwa zilikuwa ndogo kwa karibu asilimia 40 kuliko zisizoambukizwa. Virusi vya dengi havikuleta madhara hayo. Jambo hili, pamoja na uchunguzi wa akina mama na watoto wenyewe, lilithibitisha kuwa Zika huharibu ubongo wa mtoto tumboni.

Je, ni ubongo kamili?

La. Oganoidi haina mishipa yake ya damu, hivyo ikikua sehemu ya katikati hufa kwa kukosa oksijeni na chakula. Haina macho wala mwili, na hakuna ushahidi kwamba inafikiri au kusikia maumivu. Hata hivyo, mwaka 2022 wataalamu wa Stanford, Marekani, walitangaza kuwa wamezipandikiza katika ubongo wa panya wachanga, zikakua na kuungana na neva zao. Kwa hiyo ni haki watu waendelee kuulizana mipaka iwe wapi.

Seli zinatoka wapi?

Hapa familia za Kikristo ziwe macho. Seli za ngozi au damu ya mtu aliyekubali hazimdhuru yeyote. Lakini wengine hutumia seli zilizopatikana kwa kuharibu mimba changa iliyotungwa maabara. Hata katika kazi ya Vienna aina zote mbili zilitumika. Kanisa linaikataa njia hiyo ya pili, kama ilivyoelezwa katika hati Dignitas Personae ya mwaka 2008. Tusiikatae sayansi yote. Tuulize seli zimetoka wapi.

Sisi tufanye nini?

Oganoidi ni chombo cha utafiti, si dawa. Mtu akikuuzia "dawa ya seli" ya kuponya ubongo wa mwanao, usitoe fedha. Njoo kwanza hospitali uulize.

Mama mjamzito aanze kliniki mapema, ameze vidonge vya foliki asidi anavyopewa, na aache pombe kabisa. Mbu wa Zika huuma mchana na hutaga katika maji yaliyotuama: funika mapipa, mwaga maji ya matairi na makopo. Mtoto apimwe kichwa kliniki. Mwenye kifafa asiachishwe dawa bila ushauri wa daktari.

Na mama aliyezaa mtoto wa namna hii asinyoshewe kidole. Kasoro ya urithi na kuumwa na mbu si dhambi ya mtu. Mtoto huyo anahitaji mazoezi, chakula, na watu wa kumbeba.