Mashua Haina Breki

Wanangu, dereva wa gari akikaribia kituo hukanyaga breki, na baiskeli ina breki zake mkononi. Mashua ya tanga haina. Ikishashika mwendo, hata ukitua tanga lote itaendelea kuteleza, na kadiri ilivyo nzito ndivyo inavyofika mbali. Hilo nilijifunza nikiwa na miaka 12, mbele ya macho ya watu wengi, kwenye gati la Lamu.

Ulikuwa msimu wa kusi, upepo utokao kusini. Tulikuwa tunarudi mjini kutoka kijiji cha Shela na mjomba wangu, upepo uko tezi, unatusukuma kwa nyuma. Mjomba akaniachia kana, ule mti wa kugeuzia usukani. Nilijiona nahodha! Nikaielekeza omo, yaani mbele ya mashua, moja kwa moja kwenye ngazi za gati, tanga limevimba kama shavu la mpiga zumari.

"Legeza demani!" mjomba akapiga kelele.

Nikailegeza ile kamba ya nyuma ya tanga, lakini upepo ukitoka tezi, tanga huendelea kusukumwa hata likilegezwa. Baharia wetu aliyekuwa omo akanyoosha mguu aizuie mashua isigonge. Mjomba akamvuta shati, naye baharia akaanguka ndani, na papo hapo tukagonga. Gubeti, ile ncha ya mbele, likapasuka. Mguu wake uliponea chupuchupu. Tangu siku hiyo sivumilii kuona mtoto akiweka mkono au mguu kati ya mashua na gati. Mbao hupata fundi wa kuziunga. Mfupa uliosagika ni habari nyingine.

Mjomba hakunifokea. Tulipokwisha kufunga kamba alinikalisha ukingoni mwa gati, akanionyesha mashua zilizotia nanga.

"Zinaelekea wapi?"

"Shela, mjomba."

"Nani amezigeuza?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba mashua iliyotia nanga hugeuzia omo yake kile kinachoisukuma zaidi, upepo au mkondo. Maji yakijaa Lamu, huingia kutoka baharini kwa mlango wa Shela, yakapita kati ya kisiwa chetu na kile cha Manda. Baada ya muda wa saa sita hivi hugeuka, yakapwa kuelekea kule kule yalikotoka. Jioni ile maji yalikuwa yanajaa na upepo wa kusi unavuma, vyote viwili kutoka Shela. Zile mashua zilikuwa zinanionyesha breki yangu ilipo, nami nikazipita bila kuzitazama.

Basi ingetakiwa nilipite gati kwa mbali kidogo, kisha nigeuze na kurudi omo ikielekea Shela. Hapo tanga lingepigapiga bila nguvu, na upepo na mkondo vingeishika mashua kifuani. Ugeuze umbali gani? Hilo huambiwi, unalipata kwa mazoezi. Tafuta chelezo, yaani boya, mahali pa wazi, ujaribu kusimama ubavuni mwake. Ukikikosa chelezo, hakuna kinachovunjika.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watoto wengi huogopa. Usukani hufanya kazi maji yakiupita tu. Mashua ikisimama kwenye maji yaliyotulia, kana inakuwa kijiti tu mkononi. Ndiyo sababu mwanafunzi hukataa kupunguza mwendo: anahisi mashua inamponyoka. Lakini ukielekea mkondo, maji yanaupita usukani hata kama mashua haisogei. Mjomba alinionyesha siku ya tatu yake. Aliishika mashua mbele ya gati, akaniambia nitazame mawe ya ukuta wa gati. Hayakusogea. Kisha akaniambia nitazame povu ubavuni. Lilikuwa linapita mbio. Tulikuwa tumesimama na tunatembea kwa wakati mmoja! Akaisogeza kana kidogo tu, na mashua ikaanza kwenda upande, polepole kama kaa, mpaka ikaligusa gati.

Siku nyingine upepo na mkondo hugombana. Upepo wa kusi unatoka Shela na maji yanapwa kwenda Shela. Mkondo ukiwa na nguvu zaidi, mjomba alikuwa akielekea mkondo, akiteremsha tanga mapema na kuuacha upepo wa tezi umsukume kidogo kidogo. Nanga iwe tayari, na pondo pia, ule mti wa kusukumia mashua.

Mkishafika, kamba msiikaze sana. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, maji ya Lamu hupanda na kushuka mita 3 hivi. Mashua iliyofungwa kwa kamba fupi maji yakiwa yamejaa, yakipwa huning'inia ukutani.

Msimu ule ule wa kusi mjomba alinipa tena kana. Nikazitazama mashua zilizotia nanga, nikalipita gati, nikageuza. Watu walikuwa wanatuangalia, nami nilikuwa naangalia povu. Mawe ya ukuta yakasimama. Nikaisogeza kana kwa vidole viwili, na yule baharia wa omo akainuka, akavuka kwenda gatini na kamba yake mkononi, bila haja ya kuruka.