Je, Hadithi Iandikwe na Wengi au na Mmoja?

Mlezi wa Chama cha Kiswahili ameniomba niandike juu ya jambo lililotugawa wanachama tangu muhula uliopita, nalo ni hili: je, hadithi ya chama iendelee kuandikwa na kikundi kizima, ama kila mtu aandike yake kisha ichaguliwe iliyo bora? Muhula ujao tutapiga kura. Si vizuri mtu apige kura kwa sababu rafiki yake ameinua mkono, kwa hivyo nitaeleza jinsi kazi hizi mbili zinavyofanyika na mahali zinapokwama.

Kwanza, tulivyofanya sisi. Shule yetu ni ya kutwa. Saa kumi ikigonga kila mtu ameshika njia, huyu anakwenda kukama, yule ana majani ya kuchuna kabla gari la kiwanda halijafika kituoni. Hatuna jioni ya kukaa pamoja kama wenzetu wa mabweni. Basi tulikuwa tukikutana saa ya chakula cha mchana mara mbili kwa wiki, watu kumi na wawili na daftari moja. Mmoja anaandika, wengine wanasema. Hadithi ilikuwa ya mama mmoja, Chelagat, mchuna chai katika shamba kubwa, ambaye anafika kazini asubuhi moja na kuambiwa kwamba mashine imekuja, mikono yake haihitajiki tena.

Hapo mwanzoni kikundi kilinifurahisha mno. Mwenzetu anayetoka upande wa Chepalungu, ambako ni mahindi na ng'ombe kuliko chai, alisema tuandike kwamba Chelagat "alipanda juu ya mti wa chai akaanza kuchuna." Jamani! Tulicheka hadi mwalimu wa zamu akachungulia dirishani. Kumbe hakukosea kabisa. Chai ikiachwa bila kukatwa huwa mti mrefu. Ni ule mkato wa kila baada ya miaka michache unaoifanya ibaki ya kiunoni ili mikono ifike. Baada ya kicheko tukaanza kusahihishana kwelikweli. Mmoja akasema mchunaji mzuri hazoi kila jani, huchukua majani mawili na kichipukizi. Mwingine, ambaye babake ana shamba dogo, akaeleza mambo ya mizani: karani huondoa kwanza uzito wa gunia, na majani yakiwa yamelowa maji hapo kuna maneno. Wa tatu akakumbusha ile aproni ya plastiki, maana umande wa asubuhi huku Kericho hukulowesha mpaka mapajani. Kwa siku tatu tulipata kurasa ambazo hakuna hata mmoja wetu angeziandika peke yake. Ukitia uongo mdogo, unakamatwa papo hapo.

Taabu ilikuja mwishoni. Hadithi ilihitaji kufungwa, na kikao kikajifanya bunge. Saba walitaka Chelagat aende Nairobi akutane na tajiri. Wanne walitaka mashine ichomwe moto, kwa sababu jambo hilo lilitokea kweli: Mei 2023 mashine kadhaa za kuchuna chai ziliteketezwa katika maandamano hapa Kericho, na majumbani mwetu habari hizo zilizungumzwa kwa miezi. Ili pasiwe na ugomvi, kikao kikaamua kuunganisha. Mashine inachomwa, kisha Chelagat anaolewa na tajiri! Hakuna aliyeupenda mwisho huo, ila pia hakuna aliyeukataa, na hivyo ndivyo kura inavyofanya kazi katika hadithi.

Msomaji mwenye hesabu atagundua kwamba saba na wanne ni kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alikuwa msichana wa Kidato cha Pili aliyeketi karibu na mlango, naye hakuinua mkono. (Amenikubalia nitaje jambo hili bila jina.) Mamake alikuwa mchuna chai na sasa kazi hiyo hana. Wiki iliyofuata alinionyesha karatasi aliyoandika nyumbani. Katika mwisho wake, Chelagat anaamka saa kumi na moja kama kawaida, anafunga aproni, anaketi mlangoni, analitazama shamba mpaka jua litoke. Basi. Hakuna tajiri, hakuna moto. Nilimwuliza kwa nini hakuyasema kikaoni. Akanijibu, "Ningeanza kusema, nyinyi mngeanza kuchangia."

Mimi jibu hilo limenikaa. Kikundi kinajua mengi kuliko mtu mmoja, hapo hatubishani. Lakini kuna maneno ambayo mtu hawezi kuyaleta mbele ya watu kumi na mmoja wanaotafuna githeri.

Haya si mageni nchini mwetu. Kule Limuru, ambako pia ni nchi ya chai, kijiji cha Kamiriithu kilikuwa na kituo chake cha elimu na utamaduni. Waandishi wawili, Ngugi wa Thiong'o (aliyefariki Mei 2025) na Ngugi wa Mirii, walikitayarishia rasimu ya mchezo wa kuigiza kwa Kikuyu. Mwaka wa 1977 rasimu hiyo ikasomwa mbele ya wakulima, wafanyakazi wa viwandani, wazee kwa vijana. Nao hawakukaa kimya! Wazee walisahihisha maneno ya wahusika wazee, wakisema mzee wa heshima haongei namna hiyo. Wafanyakazi wakaeleza mishahara yao na kazi wanayoitoa kwa siku. Nyimbo zikaletwa na waliozijua. Watu hao hao wakajenga uwanja wa maonyesho kwa mikono yao. Mchezo huo, Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda, ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977, watu wakafurika, na Novemba mwaka huo huo serikali ikaondoa kibali. Tarehe 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa katika gereza la Kamiti.

Sasa tazama jambo la ajabu. Mtu aliyetoka kuandika na kijiji kizima akajikuta ndani ya chumba peke yake, na humo, mwaka wa 1978, akaandika juu ya karatasi ya chooni riwaya ambayo kwa Kiswahili twaijua kama Shetani Msalabani. Riwaya zake za awali zilikuwa za Kiingereza. Hii ndiyo ya kwanza aliyoiandika kwa Kikuyu. Mimi naona kwamba Kamiriithu ilimfuata hadi gerezani. Wale wazee waliomwambia "hapana, mzee haongei hivyo" hawakuwa naye, lakini masikio yake yalikuwa yamekwisha kufundishwa. Na kitabu kilipotoka mwaka wa 1980, watu walikisoma kwa sauti, familia imeketi jioni, mmoja anasoma na wengine wanasikiliza, hata mabaani. Kilichoandikwa na mmoja kikarudi kwa wengi.

Sisi wa Kiswahili nasi tunaye Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Alifungwa mwaka wa 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi cha siasa, Kenya: Twendapi?, na mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa 1973, aliyaandika humo gerezani kwa siri, naye pia kwenye karatasi ya chooni. Sidhani kikao chochote kingeweza kuiandika dhiki ile. Tungeanza kupunguza uchungu hapa na pale ili kila mtu aridhike.

Wapo wanaosema wawili ndio wazuri, na mfano wao ni Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo walioandika pamoja tamthilia ya Dedan Kimathi mwaka wa 1976. Naam, wawili wanaweza kubishana mpaka wakubaliane, hawana haja ya kura. Aidha wengine hutaja diwani za hadithi fupi kama ile tunayoisoma darasani, Mapambazuko ya Machweo. Hapo wanachanganya mambo. Jalada ni moja, lakini kila hadithi humo ina mwenyewe.

Basi mtu atasema, si umeshajijibu, kila mtu aandike peke yake nyumbani? Pole pole. Nyumbani kwa nani? Katika shule ya kutwa "peke yako" ni baada ya maji, maziwa, kuni, kupika na kuosha vyombo, na hapo ndipo mdogo wako anataka taa afanye hesabu zake. Wasichana mnanielewa. Tukisema kila mtu aandike kwake, mshindi atakuwa yule mwenye nyumba tulivu, kila mwaka yeye. Saa ya chakula cha mchana ndiyo saa pekee ambayo baadhi yetu tunashika kalamu kwa hiari yetu. Ukiivunja, umewafungia mlango.

Kwa hivyo ninaloleta mbele ya chama ni hili. Mikutano miwili ya wiki ibaki. Wa kwanza uwe wa wote: tuulizane, tukusanye maneno ya kazi, jinsi karani anavyoongea, saa ngapi kengele hulia, ni mvua gani huleta mawe. Yote yaingie katika daftari la chama, na kila mmoja awe huru kuchota humo. Mkutano wa pili uwe wa kimya. Tuketi chumba kimoja lakini kila mtu na karatasi yake, hakuna kuchungulia. Kisha anayetaka asome kwa sauti, na wasikilizaji waruhusiwe kusema mambo mawili tu: "hapa si kweli" au "hapa sikuelewa." Kusema "mimi ningemwoza tajiri" kupigwe marufuku kabisa. Miisho isipigiwe kura.

Lipo pia suala la jina. Kitabu cha Ngaahika Ndeenda kina majina mawili, na maneno ya kijiji kizima yamo ndani. Mmoja wetu aliona hiyo ni dhuluma. Mimi sioni hivyo, kwa maana mwenye jina ndiye wa kuulizwa, na Ngugi aliulizwa kweli. Ila kijiji nacho kililipa: mwaka wa 1982 polisi waliubomoa ule uwanja. Hapa kwetu napendekeza aliyeandika atie jina lake, na chini yake yatajwe majina ya waliomsahihisha. Lile la aliyempandisha Chelagat juu ya mti lisiachwe.

Yule msichana bado hajasema kama karatasi yake itachapwa. Ni yake, na hakuna wa kumharakisha.

Kura ni Alhamisi ya wiki ya pili ya muhula, saa saba kamili, katika chumba cha Kidato cha Tatu. Fika mapema uzungumze, maana mvua ikianza kupiga mabati hakuna atakayekusikia.