Anakoroma kambini, uwanjani miguu mizito? Cheki taya lake

KAMBINI kila mtu anamjua. Akilala yeye, chumba kizima hakilali. Asubuhi anaamka kachoka, anaburuza miguu mazoezini, na kocha anampachika jina: mvivu. Kumbe shida inaweza kuwa kwenye taya.

Kutoka Bunju, uliko uwanja wa mazoezi wa Simba, kupita Mapinga hadi ufukweni Bagamoyo, vijana wanapiga mpira kila jioni. Kasi inapimwa, mashuti yanahesabiwa. Usingizi hakuna anayeuliza.

Iko hivi. Ulimi umeshikwa na mfupa wa taya la chini. Taya likiwa dogo au limerudi nyuma, ulimi unakosa nafasi. Mchana misuli inauzuia, jamaa anapumua freshi. Usiku misuli inalegea, hasa akilala chali, ulimi unarudi kooni na kubana njia ya hewa. Hewa ikipita kwa shida, ndo kukoroma. Njia ikiziba kabisa, pumzi inakatika kwa sekunde 10 au zaidi, ubongo unamshtua, anavuta hewa, analala tena. Asubuhi hakumbuki kitu.

Pumzi ikikatika au kubanwa hivyo kuanzia mara 5 kwa saa, madaktari wanahesabu ni tatizo. Zikifika 30, hali ni mbaya. Masaa manane kitandani, mwili haujapumzika.

Umbo lisikudanganye. Unene unachangia, na jitu la NBA, Shaquille O'Neal, aligundulika na tatizo hili 2011. Lakini hata winga mwembamba mwenye kidevu kilichorudi nyuma anaweza kuwamo.

Plasta ya puani, kama aliyovaa Robbie Fowler akiwa Liverpool miaka ya 1990, inapanua pua tu. Taya haligusi.

Tiba ipo. Kulala ubavu kunasaidia wengine. Daktari wa meno anaweza kutengeneza kifaa cha mdomoni kinachovuta taya mbele. Ipo pia mashine ya kusukuma hewa, iliyobuniwa Australia na Colin Sullivan na kutangazwa 1981. Wachache hufanyiwa upasuaji. Pa kuanzia ni hospitali ya wilaya. Muhimbili wapo mabingwa wa masikio, pua na koo.

Kocha, kabla hujamweka benchi, muulize anayelala naye chumba kimoja: usiku huwa ananyamaza ghafla, halafu anashtuka kama mtu aliyeibuka majini? Jibu likiwa ndiyo, huyo kwanza daktari, benchi baadaye.