Moshi wa lehemu: homa ya usiku isiyo malaria

Kama una kijana anayejifunza kutengeneza visu vya kukunja, ipo hatua ambayo vipande vya shaba vya kichwa cha mpini hulehemiwa juu ya bamba jembamba la ndani. Wazazi wengi hapo huhofia makali na moto. Mimi nakuomba uangalie kwanza lehemu yenyewe.

Lehemu laini ya kawaida ni mchanganyiko wa bati na madini ya risasi, na huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183 hivi. Kwa joto hilo risasi inayopanda na moshi ni kidogo. Njia yake kubwa ni mkono: kijana ameshika waya, amepiga msasa kiungo, kisha anakula andazi bila kunawa. Vumbi lililobaki kwenye shati humfikia mdogo wake anayetambaa, na huyo ndiye wa kumwonea huruma zaidi, kwani mtoto mdogo hufyonza risasi anayomeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kipimo cha damu kikifika mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe.

Lehemu ngumu ya fedha ni habari nyingine. Baadhi yake ina kadimiamu. Umoja wa Ulaya uliizuia katika vijiti vya kulehemia mwaka 2011, lakini kijiti cha zamani kisicho na lebo huwezi kukijua kwa macho. Aliyevuta moshi wake huweza kukohoa kidogo tu, akamaliza kazi, akarudi nyumbani mzima. Saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, hupata homa, baridi, kifua kubana na pumzi kukata. Mapafu yanaweza kujaa maji, na watu wamekufa hivyo.

Moshi wa zinki, iliyomo kwenye shaba ya njano, huleta homa inayofanana, ila hiyo hupoa kwa siku moja au mbili. Nyumbani huwezi kuzitofautisha, kwa hiyo usimpe dawa ya malaria ukasubiri asubuhi. Mpeleke hospitali, umwambie daktari wazi kwamba alikuwa akilehemu, na ubebe pakiti ya lehemu kama ipo.

Mwenye pumu awe mwangalifu hata na lehemu isiyo na risasi, kwa sababu dawa ya kulehemia yenye utomvu wa msonobari hutoa moshi unaoweza kuamsha pumu, au kuianzisha kwa asiyekuwa nayo.

Kazi hii ifanyike mahali pa wazi, upepo ukiondoa moshi usoni, na barakoa ya kitambaa isihesabiwe kuwa kinga. Anawe kwa sabuni kabla ya kula. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno iache bafuni.