Umeitwa mahojiano ya kazi ya kuwauguza waliopooza? Anza na kikombe cha uji

Simu imelia na umeambiwa ufike Kisumu Jumanne saa mbili asubuhi na vyeti vyako vyote. Nafasi ni ya muuguzi katika wodi ya wagonjwa wa kiharusi, wale ambao hatari ya kifo imepungua lakini mkono hauinuki, mguu unaburutika na maneno hayatoki. Diploma unayo. Umefanya kazi katika wodi ya wazazi na ya watoto, lakini kiharusi ulikutana nacho wiki chache tu ulipokuwa mwanafunzi. Utajiandaa vipi?

Wengi hukesha na kitabu cha chuo wakikariri majina ya mishipa ya ubongo. Si vibaya. Huenda ukaulizwa aina za kiharusi, na jibu si refu: kuna kile cha mshipa kuziba, ambacho ni takriban visa 85 kati ya kila 100, na kile cha mshipa kupasuka na damu kuvuja. Utasema pia kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kabla ya saa 4 na dakika 30 kupita tangu dalili zianze, na si kabla ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Hayo yakiisha, jopo litakugeukia na swali ambalo halimo katika ukurasa wowote uliokariri.

Tuseme swali lenyewe ni hili. Mzee wa miaka 58, mvuvi kutoka Usenge, amelazwa jana. Upande wake wa kulia umepooza na hasemi. Mkewe amefika alfajiri na chupa ya uji wa wimbi, na tayari amemimina kikombe. Uko peke yako wodini. Utafanya nini?

Mtahiniwa aliyekariri atasema, "Nitampima presha." Muuguzi wa kazi hii atasema kwamba kwanza atauzuia mkono wa mama huyo, kwa heshima, kabla uji haujafika mdomoni.

Jambo hili nalijua kwa uchungu. Shangazi yangu alipopooza, mimi ndiye niliyemnywesha chai akiwa amelala chali, nikidhani namsaidia. Alikohoa kidogo, nikampangusa, nikaendelea. Siku tatu baadaye alikuwa na homa ya mapafu. Alipona homa hiyo kwa shida. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kiharusi kinaweza kulegeza koo kama kinavyolegeza mkono, na kwamba chai ile huenda ilikuwa ikiteremka mapafuni.

Kwa hivyo lielewe jaribio la kumeza hatua kwa hatua, mpaka uweze kulieleza ukiwa umefumba macho. Mgonjwa awe macho kabisa na aketi wima. Kinywa chake kisafishwe. Apewe maji kijiko kimoja kidogo, kisha kingine, huku ukitazama koo likipanda na kushuka. Ukisikia kikohozi, au sauti ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni, au mate yakamtoka upande mmoja, unasimamisha. Hali chochote wala hanywi chochote, na vidonge vilevile havimezwi, hadi daktari aarifiwe na njia nyingine ya kumlisha ipatikane, kama vile mpira wa kupitia puani. Ongeza kwamba wapo wagonjwa ambao chakula huingia mapafuni bila wao kukohoa hata kidogo, ndiyo sababu unaendelea kumchunga hata akifaulu. Akishakula, abaki ameketi nusu saa. Wataalamu wa tiba ya usemi na kumeza ni wachache nchini, na jopo linajua kwamba mara nyingi utakuwa wewe tu na yule mama mwenye kikombe.

Hapo ndipo unapokuja mtego ambao watahiniwa wengi hawautarajii. Mahojiano yataendeshwa kwa Kiingereza, lakini mama wa Usenge huenda hajui Kiingereza. Mmoja wa wajumbe, pengine matroni mwenyewe, anaweza kukukatiza na kusema, "Sista, hayo tumeyasikia. Sasa mwambie huyo mama."

Wengi hukwama hapa. Maneno yote waliyofunzwa darasani yanakataa kutoka kwa lugha nyingine. Mazoezi yake ni rahisi: keti jikoni na mama yako au jirani ambaye hajasomea mambo ya hospitali, umweleze. Mfano ni huu: "Mama, koo la mzee limelegea kama mkono wake ulivyolegea. Ukimpa uji sasa, unaweza kwenda mapafuni badala ya tumboni. Ngoja kwanza nimjaribu kwa kijiko cha maji. Akimeza vizuri, wewe mwenyewe ndiye utakayemlisha, na mimi nitakuonyesha namna." Akikuuliza maswali matatu ya maana, basi amekuelewa. Kama unajua Dholuo, rudia kwa Dholuo. Kama hujui, usijifanye unajua. Sema utamwita mwenzako akutafsirie, na kwamba hutamtumia mtoto wa mgonjwa kutafsiri habari za mkojo na choo cha baba yake.

Na mgonjwa mwenyewe asiyesema? Kukosa maneno si kukosa akili, ingawa wageni wengi huanza kumpigia kelele kana kwamba ni kiziwi, au kuzungumza juu yake kana kwamba hayupo. Utasema kwamba utamsalimu kwa jina, utamuuliza maswali ya ndiyo au la, utamwonyesha kitu au picha, kisha utasubiri. Uliza familia alizungumza lugha gani nyumbani na ipi sokoni, kwa sababu lugha za mtu mmoja hazirudi sawasawa kwa kila mgonjwa. Wapo wasioweza kutaja jina la mke wao lakini wakiimbiwa wimbo wa kanisani wanaitikia kwa maneno yake.

Tofauti kubwa ya wodi hii na nyingine ni kwamba hapa muuguzi hujizuia. Umefundishwa kumwosha mgonjwa upesi kwa kuwa wako wengi wanaongoja. Hapa unampa kitambaa mkononi na kumwacha ajioshe uso kwa mkono mzima, hata kama itachukua dakika kumi. Mtaalamu wa tiba ya viungo huja kwa nusu saa au saa moja, akaenda zake. Saa zilizosalia ni zako, na anachofanya mgonjwa katika saa hizo ndicho kinachoamua kama atasimama. Utamgeuza kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya kulalia. Mkono uliolegea utauwekea mto, na hutaruhusu mtu yeyote, wala mwanawe mwenye nguvu, kumnyanyua kwa kuuvuta mkono huo, kwa maana bega huteguka na maumivu yake huweza kukaa miezi. Utampeleka haja kwa saa maalumu badala ya kuharakisha kumtia mpira wa mkojo.

Usivuke mpaka kwa bidii. Wapo wanaodhani kwamba mgonjwa akiamshwa mapema zaidi na kufanyishwa mazoezi mengi zaidi atapona haraka zaidi. Utafiti ulioitwa AVERT, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2015, uliwafuata wagonjwa 2,104 katika hospitali 56 za nchi 5. Kati ya waliotolewa kitandani ndani ya saa 24 za kwanza na kuzoezwa sana, asilimia 46 walikuwa na hali nzuri baada ya miezi 3. Kwa waliopewa huduma ya kawaida ilikuwa asilimia 50. Mvuvi wetu amelazwa jana tu, kwa hiyo katika siku hizo za mwanzo vipindi vifupi vinatosha. Mtahiniwa anayeweza kulieleza hilo kwa utulivu huonyesha kwamba bado anasoma.

Swali la kwenda nyumbani halikosi. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wakazi wa Kisumu huiita "Russia" kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa 1969, hupokea wagonjwa kutoka kaunti nyingi za magharibi mwa nchi. Hali huwa hivyo katika hospitali yoyote kubwa mjini humu. Mtu anayetoka Mfangano atapanda mashua. Atapandaje na mguu mmoja? Choo cha nyumbani ni cha shimo, na kuchuchumaa kumemshinda. Seremala wa kijijini anaweza kutengeneza kiti chenye tundu katikati, na mwanawe akaweka gogo la kushikilia ukutani, lakini lazima mtu awaambie kabla ya siku ya kuruhusiwa, si asubuhi ile gari likingoja. Mpango wa nyumbani huanza wiki ya kwanza. Uweke pia chakula laini: ugali mkavu na omena ni hatari kwa koo ambalo halijapona, na samaki atolewe miiba mpaka wa mwisho. Dawa za presha nazo zisiachwe mgonjwa akijisikia nafuu.

Hata hivyo, usiiambie jopo kwamba utaifunza familia na basi. Nchini India, utafiti wa ATTEND uliochapishwa 2017 uliwahusisha wagonjwa 1,250 katika hospitali 14. Jamaa walifunzwa kuwafanyisha wagonjwa wao mazoezi nyumbani, na baada ya miezi 6 hali za wagonjwa hao hazikuwa bora kuliko za wengine. Familia inahitaji kufunzwa, ndiyo, ila pia inahitaji mtu wa kurudia kuitazama, kwenye kliniki au kwa simu. Inahitaji pia kuambiwa kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu hushikwa na huzuni nzito baada ya kiharusi, wasije wakasema mzee amekuwa mvivu. Jamaa wakisema amerogwa, usiwadhihaki. Waulize wameona nini, kisha uendelee na dawa.

Kuhusu makaratasi sitasema mengi. Beba vyeti halisi na nakala, usajili wa Baraza la Wauguzi na leseni ambayo muda wake haujaisha, na usome tangazo la kazi upya ili ujue stakabadhi nyingine zinazotakiwa. Anayetoka Bondo au Homa Bay afadhali alale mjini kwa jamaa. Watakuwapo wa kukwambia kwamba kazi hupatikana kwa kujuana. Pengine zipo zinazopatikana hivyo. Wewe jiandae.

Wakikuuliza kama umewahi kufanya kazi na wagonjwa wa kiharusi na hujawahi, sema hujawahi, kisha taja ulichofanya kinachokaribiana: mgonjwa uliyemgeuza usiku kucha, mama aliyejifungua kwa upasuaji ukamfunza kuinuka kitandani. Na mwishoni, wakikupa nafasi ya kuuliza, usiulize mshahara kwanza. Uliza usiku huwa na wauguzi wangapi kwa vitanda vingapi, mtaalamu wa viungo huja Jumamosi au la, na nani hujaribu kumeza kwa mgonjwa anayeletwa saa tisa usiku. Sikiliza majibu yao vizuri, kwa maana ukiajiriwa hiyo ndiyo zamu yako.