Bei ya Siku Mbili

Mtoto wa miaka sita akilegea jino, mzazi hana sababu ya kushtuka. Ndio umri wenyewe. Lakini likilegea gego, ufizi ukavimba, na wiki ifuatayo likalegea na la jirani yake, huyo si wa kupelekwa kung'olewa tu. Kwenye ukanda wenye malaria nyingi, kuanzia Uganda na magharibi mwa Kenya hadi mikoa ya Ziwa nchini Tanzania, hivyo ndivyo limfoma ya Burkitt inavyojitokeza mara nyingi: kwenye taya, au kwa tumbo kujaa.

Saratani hii ni miongoni mwa zinazokua haraka kuliko zote kwa binadamu. Seli zake huongezeka maradufu kila saa 24 hadi 48. Tuchukue siku mbili, kisha tuhesabu. Seli moja inakuwa 2, zinakuwa 4, zinakuwa 8. Zikiongezeka maradufu mara 30 zinapita bilioni moja, uvimbe wa gramu moja hivi, ukubwa wa harage. Hizo ni siku 60, na karibu zote mtoto anacheza kama kawaida. Mara 10 nyingine, siku 20 tu, harage linakuwa kilo nzima.

Hiyo ni hesabu ya karatasi. Mwilini kasi hupungua, kwa kuwa seli nyingi hufa njiani, na vifo hivyo huonekana. Weka kipande cha uvimbe chini ya hadubini: seli zimebanana kama usiku wa giza, na katikati yake yametapakaa madoa meupe. Kila doa ni seli ya kinga iliyojaa mabaki ya wafu inaowameza. Madaktari wanaiita picha hiyo anga lenye nyota.

Kinachosukuma kasi hiyo ni kosa dogo la kushangaza. Kila seli ina kromosomu 46, na herufi za DNA zipatazo bilioni 6. Kwa watoto kama 8 kati ya 10 wenye ugonjwa huu, kipande cha kromosomu namba 8 kimekatika na kuungwa kwenye namba 14. Kipande hicho kimebeba jeni iitwayo MYC, inayoiamuru seli ijigawe. Kwa kawaida hutoa amri, kisha hunyamaza. Sasa imehamia jirani na jeni ya kutengeneza kingamwili, ambayo katika seli za kinga za aina ya B haizimwi kamwe. Amri haikomi tena.

Mkasi ni wa mwili wenyewe. Seli B huikata na kuiunga DNA yake ili iboreshe kingamwili, na malaria ya mara kwa mara huifanya irudie kazi hiyo bila kupumzika. Virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe uliotoka Uganda, huisaidia seli iliyokatwa vibaya isife. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanavyo virusi hivyo, na wengi mno hawaugui kitu. Kwa hiyo mama asijilaumu: hakuna alichomlisha mwanawe kikaleta haya.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago nchini Uganda, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1958. Fedha zake za kwanza za utafiti zilikuwa pauni 25. Kisu hakikufua dafu. Dawa ndiyo iliyofua, na mpaka leo siklofosfamaidi, dawa ya zamani isiyo ya bei ya kutisha, bado ni nguzo ya tiba. Hata hivyo, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30.

Sehemu kubwa ya pengo hilo, kwa maoni yangu, imo ndani ya nauli. Dawa haiui idadi, inaua sehemu. Turudi kwenye harage letu la seli bilioni moja. Dripu ya kwanza ikiua asilimia 99, uvimbe unayeyuka, mtoto anakula ugali, nyumbani ni shangwe. Zimebaki seli milioni 10, uzito wa miligramu 10, na hakuna kidole kinachoweza kuzipapasa. Mzazi aliyeuza mbuzi kwa safari ya kwanza anaona mtoto amepona, na mbuzi wa pili hayupo. Milioni 10 zikiongezeka maradufu mara 7 zinavuka tena bilioni. Mara 7 kwa siku mbili ni siku 14, na kwenye kadi ya kliniki hiyo ndiyo tarehe aliyotakiwa kurudi wodini.