Mtunzi alifariki, hadithi ikaendelea

Je, msomaji, ungefanyaje iwapo mtunzi wa hadithi uliyoifuata kwa miaka 17 angefariki kabla ya kuimaliza? Ndivyo ilivyowafika wapenzi wa The Wheel of Time, masimulizi ya uchawi na vita yaliyoanza 1990, Mmarekani Robert Jordan alipoaga dunia 2007. Aliacha maandishi ya kumwongoza mrithi, na mkewe Harriet McDougal, aliyekuwa pia mhariri wake, akamteua Brandon Sanderson. Kitabu cha 12 kilipotoka 2009, Rand, Mat na Perrin walirejea kama jamaa waliokuwa safarini. Ukikipata, usikimbilie ukurasa wa mwisho. Durusu kwanza cha 11, kisha usome polepole. Mvumilivu hula mbivu: hadithi ilikamilika 2013, katika kitabu cha 14.